Barua za Kapaki

Simu iliita Jumanne asubuhi, fundi akiwa na udongo hadi viwikoni. Akaibonyeza kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho pekee kilichokuwa kisafi, akainama juu yake kama mtu anayekunywa maji kisimani.

"Nasema na fundi Tsokanelis, wa kengele za mbuzi?" Sauti ya mwanamke, ya ofisini.

"Ndiye."

"Mimi ni karani wa ushirika wa jibini, huku kaskazini. Tumepokea ofa ya kengele mia tatu na themanini. Bei imetufaa. Shida ni kwamba ofa yenyewe imetoka kwa mtu anayejiita Malaika Mdogo wa Disko."

Fundi akatazama tanuri, akatazama dari. "Hiyo ni anwani ya barua pepe ya binti yangu," akasema. "Aliifungua akiwa na miaka kumi na minne."

"Sasa ana mingapi?"

"Thelathini na mitatu. Ana saluni mjini."

Karani akakohoa, kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. "Mimi sina neno, baba. Lakini bodi haifungui ofa kutoka anwani za bure. Mwaka jana tuliagiza chumvi kwa mtu wa anwani ya bure, na chumvi hiyo mpaka leo iko njiani. Tuma upya kutoka anwani yenye jina lako mwenyewe. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana."

"Mwanangu, jina ninalo. Nimelivaa miaka sitini na minne."

"Liwepo mtandaoni, baba. Ijumaa saa sita."

Ukweli ni kwamba hata hilo jina alilolivaa, pale kijijini Platanorema hakuna aliyelitumia. Mzee Lambros Tsokanelis, fundi wa kwanza, alikuwa na wana watatu, na kila mwana, kama mila inavyotaka, alimpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la babu. Kwa hiyo wakatokea akina Lambros Tsokanelis watatu. Mmoja alikwenda Australia akiwa kijana, akapunguza tatizo kwa theluthi. Wawili waliobaki, mmoja alirithi karakana ya kengele, mwingine akafungua mkahawa kando ya barabara kuu, hatua mia mbili kutoka tanuri. Nao hawakuwa wamesemeshana kwa miaka kumi na moja.

Sababu ilikuwa Pasaka. Kwetu kila Lambros husherehekea jina lake siku ya Pasaka, na Pasaka hiyo, mwanakondoo akizunguka juu ya makaa, Lambros wa mkahawa alinyanyua glasi mbele ya kijiji kizima akasema, "Kengele za ndugu yangu huyu zinalia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka jikoni." Watu wakacheka hadi mbwa wakaacha mifupa. Mfuniko kwa lugha yetu ni kapaki. Kabla nyama haijapoa, jina Kapaki lilishavuka mito miwili. Kufikia jioni, bibi mmoja wa vijiji vitatu mbele, ambaye ni kiziwi tangu ujana, alishalisikia. Fundi aliondoka bila kula. Tangu siku hiyo akawa Kapaki kwa wachungaji, kwa padri, kwa dereva wa basi, na hata mimi sitamwita vinginevyo hapa, kwa sababu mtapotea.

Kapaki akanawa mikono, akaingia jikoni. Mkewe, Evanthia, alikuwa anafunga vyombo kwa magazeti na kuvipanga kwenye maboksi ya ndizi. Boksi la nne lilishajaa.

"Nani?" Evanthia akauliza.

"Wale wa ushirika."

"Wamekataa."

"Hawajakataa. Wanataka anwani."

Evanthia akaviringisha kikombe kwenye gazeti. Makubaliano yao yalikuwa wazi: kama hadi Pasaka tanuri halijapata kazi ya maana, wanafunga karakana na kuhamia mjini kwa binti yao Zafiria, ghorofa ya tatu. Chumba kilikuwa tayari, mapazia yalishachaguliwa. Kapaki alikwenda kukiona mara moja. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani, na jirani alikuwa na mashine ya kufulia iliyoimba.

"Mzee," Evanthia akasema, "Pasaka ni mwisho wa wiki ijayo."

"Najua kuhesabu."

"Basi mpigie mtoto."

*

Zafiria alikuja Jumatano mchana saluni ilipofungwa, nywele zake mwenyewe zikiwa na rangi mbili kwa kukosa muda. Akaweka kompyuta katikati ya meza, kati ya mkate na sahani ya zeituni, akawaeleza wazazi wake kwa subira aliyozoea kuwapa wateja wanaotaka kufanana na picha.

"Ni kama kiwanja, Baba. Unanunua jina, linaitwa kikoa. Tsokanelis, nukta, gr. Likishakuwa lako, unafungua humo anwani unazotaka. Wewe yako, Mama naye yake, hata punda akitaka."

"Kiwanja kinauzwa bei gani?"

"Kama kuku wawili kwa mwaka. Unalipa miaka miwili kwa mpigo."

"Kuku wanne," Evanthia akasema. "Kununua jina la baba mkwe wangu, ambalo nilipewa bure nikalibeba miaka arobaini."

Zafiria akaandika jina, akabonyeza. Akasubiri. Uso wake ukabadilika kidogo. "Limechukuliwa."

"Na nani?" Kapaki akauliza. "Tsokanelis ni sisi peke yetu Ugiriki nzima. Na yule wa Australia."

Wote watatu wakageuka dirishani kwa pamoja. Kule chini, juu ya mlango wa mkahawa, kulikuwa na bango kubwa la buluu ambalo malori hulisoma yakipita. Walilitazama kila siku kwa miaka minne bila kulisoma, kama mtu asivyosoma uso wa adui yake. Kahawa, Supu, Nyama Choma. Na chini, kwa herufi za dhahabu: lambros, ile alama ya a yenye mkia uliojikunja, tsokanelis, nukta, gr.

"Mwizi," Kapaki akasema taratibu.

"Hajaiba, Baba. Naye ni Lambros Tsokanelis."

"Nimemtangulia kuzaliwa kwa siku tisa."

"Mtandao hauulizi nani alizaliwa kwanza." Zafiria akavuta kompyuta. "Tununue lingine. Tsokanelis, kistari, kengele. Ila jina jipya linaweza kuchukua siku mbili kuamka. Leo Jumatano. Ni bahati nasibu."

"Kistari," Kapaki akarudia. "Niweke kistari kwenye jina la babu yangu, kama kiraka kwenye suruali."

"Au nimwombe baba mdogo atufungulie anwani moja kwenye lake. Ni kazi ya dakika tano, wala haimgharimu kitu."

Kapaki akakata kipande cha mkate, akakitazama, akakirudisha. "Mimi sijasikia ulichosema," akasema. "Na kama unakwenda, pita mlango wa nyuma."

*

Mkahawani kulikuwa na wateja watatu wakicheza karata. Lambros alikuwa nyuma ya kaunta, mnene, kipara kimeng'aa, akipika kahawa kwenye mchanga wa moto.

"Baba mdogo, habari za kazi."

"Mdogo kwa siku tisa tu," Lambros akasema, kama alivyosema kila mara. "Karibu, Zafiria. Kahawa?"

Zafiria akaeleza shida yote bila kuficha kitu: kengele mia tatu na themanini, Malaika Mdogo, saa sita ya Ijumaa. Wacheza karata waliacha kucheza ili wasikie vizuri. Lambros akasikiliza akifuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tangu jana.

"Nitaangalia," akasema mwishoni.

"Tunaweza kufanya sasa hivi. Kompyuta ninayo kwenye begi."

"Sasa hivi nina kazi."

"Una wateja watatu, na wote wanakunywa maji."

"Binti, jina hilo ni la biashara." Sauti yake ilipanda ili ifike mezani. "Napokea barua nyingi. Siwezi kumwingiza kila mtu humo zikachanganyika. Nimesema nitaangalia."

Zafiria akamtazama. Alishakata nywele za wanaume wengi waongo, na alijua shingo huwa nyekundu kabla ya uso. Shingo ya Lambros ilikuwa kama pilipili. Lakini hakujua uongo uko wapi, akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Amekataa," akamwambia mama yake.

Kapaki alisikia kutoka karakana. Alichukua kengele iliyomalizika, akaigonga mara moja kwa nyundo, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifunga kwa gazeti na kuiweka kwenye boksi la tano.

*

Alhamisi wanawake walikwenda kusafisha kanisa kwa ajili ya Juma Kuu. Evanthia alipangiwa vinara vya shaba, na aliyepangiwa kumsaidia ni Polyxeni, mke wa Lambros. Padri aliwapanga hivyo kila mwaka kwa makusudi, akitumaini, na kila mwaka walisugua vinara kimya hadi vikang'aa kuliko vya kanisa kuu la mjini. Safari hii Evanthia hakunyamaza.

"Polyxeni, mume wako angekuwa na roho kama ya mbuzi tu, ningeshukuru. Tunahama kwa sababu yake."

Kitambaa cha Polyxeni kikasimama. "Mnahama?"

"Maboksi matano."

Polyxeni akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama hata Mtakatifu Nikolao ukutani, ambaye alionekana kuwa mtu wa siri. "Evanthia, nikikwambia kitu, utakiacha hapa?"

"Nitakiacha chini ya kinara hiki."

"Hakuwakatalia. Hawezi. Hana ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Nenosiri. Alilisahau wiki ya kwanza. Alinunua lile jina, akalipia bango, akalipia kadi za kugawa, halafu akasahau nenosiri. Mwaka wa nne huu hajafungua barua hata moja. Kila miaka miwili benki inamkata pesa yenyewe, naye anaiacha ikate, kwa sababu kuuliza ni aibu. Dereva wa lori akimuuliza 'Lambros, umeziona barua zako?' anajibu 'Nimeona, nitajibu.' Nimemsikia mimi. Nimeona, nitajibu. Ana miaka minne anaona na atajibu."

Evanthia akauma kitambaa ili asicheke mbele ya watakatifu. Akashindwa. Polyxeni naye akashindwa, na wale waliokuwa wanapiga deki madhabahuni wakadhani wawili hao wamepatwa na kifafa.

Siri ile aliiacha chini ya kinara kama alivyoahidi. Kisha akaenda nyumbani na kumwambia mumewe yote, maana mume si mtu mwingine.

Kapaki alisikiliza hadi mwisho. Kwa dakika moja alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ndoa ya binti yake. Angeweza kuisambaza jioni ile ile. Kufikia kesho wachungaji wangemwita Lambros "Nimeona" hadi kaburini. Akaonja jina hilo mdomoni. Lilikuwa tamu. Kisha akatazama maboksi.

"Zafiria anafungua saluni saa ngapi kesho?" akauliza.

"Kesho hafungui," Evanthia akasema. "Nimeshamwambia aje."

*

Ijumaa saa nne asubuhi Kapaki aliingia mkahawani kwa mlango wa mbele. Miaka kumi na moja. Wacheza karata waliinua vichwa, na mmoja akaangusha karata zake wazi mezani, akapoteza mchezo aliokuwa anaushinda. Zafiria na Evanthia walikuwa nyuma yake.

"Lambros," Kapaki akasema.

"Lambros," Lambros akajibu.

"Nina shida na kompyuta yangu. Imegoma. Naomba tutumie chumba chako cha nyuma." Akasema kwa sauti ya kutosha meza ya karata. "Wewe mzoefu wa mambo haya, kaa karibu utuelekeze."

Lambros akamtazama kwa muda mrefu. Akaelewa kwamba wanajua, na akaelewa kwamba hawatasema. Akavua aproni.

Katika chumba cha nyuma, kati ya magunia ya vitunguu, Zafiria akafungua ukurasa wa kampuni iliyouza jina. Lambros akakaa juu ya kreti ya bia, magoti yamebanwa.

"Zafiria," akanong'ona, "mimi nenosiri—"

"Limechoka, baba mdogo. Huwa yanachoka. Tunabonyeza hapa, 'nimesahau'. Watakuuliza swali la siri ulilochagua mwenyewe."

"Nilichagua gumu. Nakumbuka. Nilichagua gumu ili mtu asiniingilie."

Swali likatokea. Zafiria akalisoma kwa sauti: "Babu yako mzaa baba aliitwa nani?"

Nje karata zilipigwa mezani.

"Lambros," Evanthia akasema polepole, "hilo ndilo gumu?"

"Mtu wa Athene angejuaje?"

"Jina lako limeandikwa kwenye bango, baba mdogo," Zafiria akasema. "Mtu yeyote wa nchi hii akijua jina lako, amejua la babu yako. Hata mbuzi angefungua." Akaandika Lambros. Sanduku likafunguka bila kusita hata kidogo.

Lambros alifuta kipara. "Haya, fungua anwani ya watu haraka. Barua zangu nitazisoma baadaye. Lazima ziwe mamia."

"Zako ziko mbili," Zafiria akasema. "Moja ni ya kampuni, wanakukaribisha. Nyingine ni tangazo la dawa ya kuotesha nywele." Akasogeza chini. Akaacha kusogeza. "Baba. Njoo uone."

"Nini?"

"Ulipolinunua, baba mdogo, uliacha sanduku wazi. Barua yoyote ikija kwenye jina la Tsokanelis, hata kama huyo mtu hajafunguliwa anwani, inaangukia humu. Ziko arobaini na moja. Zote zimeandikwa kwa Kapaki."

Kapaki akavaa miwani. Zafiria akasoma ya kwanza, ya miaka mitatu na nusu iliyopita.

"Kwa fundi Kapaki. Nilipita mkahawani kwenu, nikaona bango, nikajua na wewe uko humo, nikaweka jina lako mbele. Nina mbuzi mia na arobaini. Kengele zako alizonunua mjomba wangu ndizo pekee ninazosikia kwenye ukungu. Hizi za dukani zinalia nyembamba, sauti inalowana inaanguka chini. Nitengenezee ishirini zenye ile sauti ya mfuniko."

Naye alikuwa na haki. Ukungu wa milima yetu si wa mchezo. Mama mmoja aliwahi kuanika nguo akidhani ameshika kamba, kumbe ameshika ukungu, nao ulipopanda ukaondoka na mashati ya mumewe, na moja lilionekana Albania. Ndani ya kitu cha namna hiyo sauti nyembamba haifiki popote.

Zafiria akasoma nyingine. Mchungaji wa milima ya Tzoumerka alitaka thelathini. Mjane mmoja alitaka moja tu, ya beberu, "lakini iwe nzito kama ile mliyomfanyia marehemu." Mtu mmoja alikuwa ameandika mara nne. Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi: "Fundi Kapaki, kama umekufa, naomba mke wako anijibu."

"Nitamjibu," Evanthia akasema.

Kapaki alikuwa amekaa kwenye gunia la vitunguu. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Lambros alikuwa ameangalia mikono yake. Miaka minne ya kazi ya ndugu yake ilikuwa imelala ndani ya sanduku lake, huku yeye akisema nimeona, nitajibu.

"Saa tano na nusu," Zafiria akasema. "Nifungue anwani gani? Lambros imechukuliwa. Niweke kengele? Karakana?"

"Mpe ya Lambros," Lambros akasema ghafla. "Nitoe mimi. Ni mkubwa kwa siku tisa."

"Andika Kapaki," Kapaki akasema.

"Ndugu yangu, si lazima. Siku ile nilikuwa nimelewa."

"Ulikuwa umelewa na sikio lako lilikuwa zima." Kapaki akavua miwani, akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka. "Zinalia kama mfuniko. Baba alinifundisha kuzigonga ziwe nyembamba, nikazigonga nzito, kwa sababu nilikuwa nachunga mimi utotoni na nilipoteza mbuzi kwenye ukungu nikachapwa. Wewe ndiye mtu wa kwanza kusikia nilichofanya. Kilichoniuma ni kwamba ulicheka."

"Walicheka wote."

"Wao hawana masikio."

Zafiria akaandika kapaki, akaandika ile a yenye mkia, akaambatanisha ofa, akaisoma upya mara mbili huku mama yake akimwambia aache kuisoma. Saa sita kasoro dakika kumi akabonyeza. Lambros akaenda kuleta tsipuro, pombe kali ya zabibu zake mwenyewe, na akamimina glasi hadi ukingoni, jambo ambalo wacheza karata wanaapa halijawahi kutokea kabla wala baadaye.

Karani alipiga simu Jumatatu. "Hongera, baba. Bodi ilifungua ofa tatu. Mzee mmoja mchungaji aliposikia anwani yako akasema, 'Huyo ni Kapaki, mnatafuta nini tena?' Sasa mbona hukusema mapema kwamba ndiwe?"

"Nilikuwa sijapata anwani," Kapaki akasema.

*

Pasaka hiyo kijiji kilipumzika. Kwa miaka kumi na moja watu walikuwa wanakula mwanakondoo wa Lambros mmoja, wanafuta mafuta midomoni, kisha wanakwenda kwa mwingine na kujifanya wana njaa. Safari hii kulikuwa na makaa ya pamoja na meza moja ndefu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na huzuni, daktari wa tumbo.

Evanthia alitoa vyombo kwenye maboksi. Mapazia ya mjini Zafiria aliyatundika saluni. Chini ya bango la buluu fundi wa rangi aliongeza mstari wa pili, anwani ya Kapaki, na Lambros ndiye aliyelipa.

Jumanne baada ya Pasaka tanuri liliwashwa. Kapaki alikunja mabati ya chuma, akaweka vipande vya shaba, akafunika kila kengele kwa udongo uliochanganywa na manyoya ya mbuzi, akapanga mia ya kwanza motoni. Shaba inapoyeyuka ndani ya udongo mtu hana la kufanya ila kungoja. Akachukua ile simu, ambayo Zafiria alikuwa ameifunga kwa nailoni, na kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, herufi moja baada ya nyingine, kwa dakika ishirini, akaandika barua ya kwanza ambayo mtu yeyote amewahi kumtumia Lambros kwenye anwani yake.

"Kahawa mbili. Moja chungu, moja ya sukari ya wastani. Weka mfuniko zisipoe njiani. Kapaki."

Akabonyeza. Akakaa kwenye benchi.

Baada ya muda Lambros alitokea akipanda mlima na sinia, akihema, vikombe viwili vimefunikwa kwa visahani. Alipofika akaweka sinia juu ya fuawe.

"Umepata barua yangu?" Kapaki akauliza.

Lambros akachukua kile cha wastani, akaketi karibu naye, akanyoosha miguu kuelekea moto.

"Nimeona," akasema. "Nitajibu."